Mdogo wangu ana soriasisi, kaambiwa protini za ngozi zimezidi. Aache nyama na maharage?

Dada_wa_Moro: Wakuu, shikamooni, na wengine habari za jioni. Mdogo wangu ana mabaka ya zambarau iliyokolea yenye magamba meupe, viwikoni na magotini. Walikata kinyama, wakapima: soriasisi. Daktari akamweleza kwamba kwenye ugonjwa huu protini kadhaa za ngozi huzidi. Mama kusikia hivyo kapiga marufuku nyama, mayai na maharage. Kijana anakonda. Nimwambieje mama?

Mtu_wa_Maabara: Pole sana dada. Arudishiwe chakula chake leo hii. Protini hizo hazitoki kwenye sahani, seli za ngozi huzitengeneza zenyewe kwa amri ya kinga ya mwili. Kwenye ngozi yenye afya, seli huzaliwa chini na kupanda juu kwa takriban mwezi mmoja huku zikikomaa. Kwenye soriasisi hufika ndani ya siku chache, bado changa, ndiyo magamba hayo. Wala si protini zote zinazozidi. Keratini 1 na 10, za seli zinazokomaa vizuri, hupungua. Keratini 6, 16 na 17, ambazo ngozi huzitoa hata inapoziba kidonda, hupanda. Filagrini na lorikrini zinazoimarisha ukuta wa nje hushuka, ngozi inakauka na kupasuka.

Halafu kuna beta-defensini 2, inayoua bakteria. Wanasayansi waliipata mwaka 1997 kwenye magamba ya wagonjwa wa soriasisi. Imejaa humo, na ndiyo sababu mojawapo mabaka haya hayatungi usaha ovyo kama pumu ya ngozi.

Mama_Pacha: Na haiambukizi jamani! Mume wangu anayo, tunalala shuka moja miaka yote. Msimtengee kijana taulo wala sahani, inaumiza sana.

Dada_wa_Moro: Asanteni mno. Mbona akiacha dawa ya kupaka yanarudi?

Mtu_wa_Maabara: Kwa sababu amri bado inatoka. Wanaoitoa ni wajumbe wa kinga, hasa IL-23 na IL-17. Sindano za kuzuia IL-17 zipo tangu 2015, ila bei yake ni kali. Methotreksati, dawa ya kutuliza kinga, ni nafuu na inasaidia wengi, lakini ni mara moja kwa WIKI, si kila siku, na lazima apimwe damu na ini. Soriasisi huweza kushika viungo pia, kwa hiyo mwulize kama vidole au magoti yanakakamaa asubuhi. Kama ndiyo, daktari ajue mapema, viungo vikishaharibika havirudi.

Dada_wa_Moro: Vidole vinamkakamaa kweli. Kesho nampeleka.