MJADALA: Mgonjwa wa dharura akifika hospitali, wa kwanza kumpokea awe nesi au keshia?

Mleta mada

Wakuu habari za jioni. Naomba hili tulijadili kwa utulivu mana kila likija linaishia kwenye kutukana manesi na mimi sitaki kumtukana mtu. Swali langu ni moja tu, mgonjwa mahututi akiingizwa getini, nani aanze naye?

Hospitali nyingi nilizopita hapa Tanzania utaratibu ni ule ule. Mlinzi anauliza mnaenda wapi, mnaelekezwa dirishani kufungua faili, mnapewa kontroo namba (namba ya kulipia), mnalipia kwa simu, mtandao ukigoma mnasubiri, mkirudi na uthibitisho ndo mgonjwa anapimwa presha, joto na mapigo ya moyo. Yaani vile vipimo vya dakika tatu nne ambavyo vingesema huyu anakufa au huyu anaweza kusubiri vinakuja mwisho kabisa, nyuma ya hela. Mimi nasema hapo ndo tunapopotezea watu, na nasema wazi kwamba dirisha la malipo litoke mbele liende nyuma, mbele akae nesi.

Kujenga tumejenga jamani, tusiseme hakuna kilichofanyika. EMD (idara ya dharura) ya hospitali ya Muhimbili ilifunguliwa 2010 na mwaka huo huo MUHAS (chuo kikuu cha afya cha Muhimbili) wakaanza kusomesha madaktari bingwa wa magonjwa ya dharura hapa hapa nyumbani. Halafu 2021 ukaja ule mkopo wa IMF wa trilioni 1.3 za UVIKO, na sehemu ya hela ile ikajenga majengo ya EMD na ICU (ya wagonjwa mahututi) mikoani mpaka wilayani. Ukienda leo unakuta jengo zuri, vitanda, mashine ya kusoma mapigo ipo ukutani. Ila njia ya kulifikia jengo lenyewe bado inapita kwa keshia.

Shemeji yangu aligongwa akiwa kwenye bodaboda, mguu umevunjika mfupa umetoka nje, damu inaloanisha kanga mbili. Tulipofika (hospitali siitaji) swali la kwanza likawa PF3 (fomu ya polisi ya majeruhi) iko wapi, la pili nani analipia faili. Mmoja wetu akakimbilia kituo cha polisi, mwingine akawa anapiga simu kuchangisha, mgonjwa yuko kwenye benchi anatetemeka. Alipona, tunamshukuru Mungu, lakini muda wote ule hakuna aliyemshika hata mkono kuhesabu mapigo. Na sidhani kama wale walikuwa watu wabaya, walikuwa wanafuata mpangilio waliopewa, ndo mana nataka tujadili mpangilio wenyewe.

Mchangiaji wa kwanza (aliwahi kukaa dirishani)

Mkuu nakuelewa na pole sana kwa shemeji. Ila ngoja niseme upande wa pili mana huwa hausemwi. Hospitali ya wilaya haiendeshwi kwa hela ya serikali kuu peke yake. Glavu, mafuta ya jenereta, dawa ambazo MSD (Bohari ya Dawa) hawajaleta, posho ya wale wa mkataba, vyote hivyo vinategemea mapato ya ndani, na mapato ya ndani ndo hayo ya dirishani. Mwezi ambao makusanyo yameshuka mganga mfawidhi anaitwa halmashauri kujieleza, na yeye akirudi anatuita sisi.

Halafu watu wanatoroka. Unampokea usiku, anashonwa, anatundikiwa dripu, asubuhi kitanda kitupu, jina aliloandikisha sio lake na namba ya simu haipo. Hela ile nani anailipa? Mwisho wa siku anailipia yule mama mwingine ambaye atakuja wiki ijayo akute uzi wa kushonea umeisha. Kwahiyo ukisema dirisha lihamie nyuma, niambie kwanza shimo hilo linazibwa na nini. Tusiagize tu kwamba watu watibiwe halafu hela ikabaki kuwa tatizo la muhasibu.

Mchangiaji wa pili (nesi, Kanda ya Ziwa)

Nimesoma wote wawili nimeona niandike ingawa nimetoka zamu. Mleta mada uko sahihi kwamba triaji (kuwapanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao) inatakiwa iwe mlangoni, hilo hata kwenye mafunzo tunafundishwa hivyo. Kuna mfumo wa rangi ulioanzia Afrika Kusini unatumika nchi nyingi za Afrika, nyekundu ahudumiwe hapo hapo, chungwa ndani ya dakika 10, njano ndani ya saa moja, kijani anaweza kungoja mpaka masaa manne. Unaangalia anavyotembea, anavyopumua, mapigo, joto, presha, kama anaitika ukimwita, kama ameumia. Hauhitaji daktari na hauhitaji mashine ya mamilioni.

Ila usiku tuko wangapi? Mara nyingi tuko wawili kwa wagonjwa wote waliolala na mlangoni pia. Ukiniweka mimi getini, yule mama mwenye kifafa cha mimba ndani anabaki na nani? Hili la idadi ya watu wengi wanalipita haraka, wanafikiri nesi akikawia kutoka alikuwa amekaa anachat.

Na jingine ni ndugu wa mgonjwa. Mkishapewa rangi ya kijani mnakuja juu, mnasema sisi tumefika saa moja yule amefika saa mbili mbona yeye ameingia. Nimeshashikwa kola na baba mmoja ambaye mtoto wake alikuwa na mafua kwa sababu nilimpitisha kwanza mtoto aliyekuwa hashtuki hata ukimfinya. Foleni ya dharura haifuati nani kafika kwanza, na hili wananchi hawajaambiwa vya kutosha, hakuna hata kibao ukutani cha kuwaelezea.

Mnatulazimisha pia mambo. "Mwekeeni dripu haraka." Mwaka 2011 ulitoka utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali ambao damu ilikuwa haizunguki vizuri, ikaonekana waliokimbiziwa maji mengi ya dripu kwa haraka walikufa zaidi kuliko ambao hawakukimbiziwa. Wataalamu wenyewe walishtuka, mana ndivyo ilivyokuwa inafundishwa. Ndo nasema mtu anayempokea mgonjwa mlangoni anatakiwa awe anajua anachofanya, akimbie pale pa kukimbia na asubiri pale pa kusubiri. Kwahiyo sawa, nitangulie mimi, lakini mniongezee watu na mnipe muda nimwangalie mgonjwa bila kushikwa kola.

Mchangiaji wa tatu

Mimi napinga hoja. Ukishatangaza kwamba dharura hailipiwi kwanza, kuanzia kesho kila mtu ni dharura. Jino dharura, mba dharura. Tunawajua wabongo.

Mleta mada

@wa tatu ndugu yangu, ndo mana nikasema nesi na sio mlinzi wala mgonjwa mwenyewe. Anayeamua kama ni dharura ni yule aliyepima. Mwenye jino atapimwa, atapewa kijani, atarudishwa dirishani akalipie kama kawaida. Sijasema popote kwamba matibabu yote yawe bure, nimesema kupimwa na kuokolewa kutangulie, bili ifuate. Hofu yako ingekuwa na nguvu kama tungekuwa tunawauliza watu "wewe unajiona ni dharura?" tukawaamini. Hatuwaulizi, tunawapima.

@nesi dada yangu pole na zamu, na nimekuelewa. Hapo kwenye idadi ya watu sina ubishi kabisa. Jengo la EMD lililofunguliwa kwa shangwe halafu usiku lina mtu mmoja bado halijawa EMD.

Mchangiaji wa nne (Mombasa)

Salaam ndugu zangu wa Tanzania. Nataka niwaeleze ya huku kwetu ili msidhani sheria pekee itawatoa. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43(2), yasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Hakuna kona hapo. Ikaja Sheria ya Afya ya 2017 ikafafanua kwamba dharura ni pamoja na huduma kabla ya kufika hospitali, kumfanya mgonjwa awe imara na kumpangia rufaa, na hospitali yenye uwezo ikikataa yaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni tatu.

Sasa angalieni. Mwaka 2015 Katiba ishatimiza miaka mitano, kuna mwanamume aligongwa na gari Nairobi, akakaa saa 18 ndani ya ambulensi akizungushwa hospitali moja hadi nyingine, mara hakuna kitanda cha ICU, mara pesa za kutanguliza, mwishowe akafa. Nchi nzima ilizungumza. Haki ilikuwa imeandikwa, lakini hapakuwa na mfuko wa kuilipia wala mtu mmoja wa kujua kitanda kiko wapi usiku ule. Ndio mwishowe ile sheria ya bima ya jamii ya 2023, hii SHA (mamlaka ya bima ya afya) iliyoanza Oktoba 2024, ikaweka mfuko wa peke yake wa dharura na magonjwa sugu, wa kulipwa na serikali. Nao una malalamiko yake, hospitali zasema malipo yachelewa na zikicheleweshewa ndipo zaanza tena kuomba pesa mlangoni. Kwa hivyo yule ndugu wa dirishani ameuliza swali la maana kuliko sote. Nani alipa, na alipa lini.

Mchangiaji wa tano

Kwenye PF3 naomba tusikimbilie kusema ifutwe. Nafanya kazi na wanawake waliopigwa na waliobakwa, ile fomu ndo inabeba kesi mahakamani, daktari anajaza alichokiona na polisi wanaanzia hapo. Ikifutwa wanaoumizwa majumbani watakosa pa kushika. Ila viongozi wa wizara wameshasema mara nyingi tu kwamba aliyeumia vibaya atibiwe na PF3 ifuate, na hakuna kinachomzuia daktari kuandika majeraha kwenye faili usiku halafu fomu ikajazwa asubuhi kutoka kwenye maandishi yale yale. Tatizo mlinzi wa getini hajaambiwa hivyo. Na wengine wanaogopa kwa kweli, wanahofia wakimpokea mtu wa tukio la ujambazi bila karatasi wataitwa kituoni. Kwahiyo OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) na mganga mfawidhi wa wilaya wangekaa meza moja wakaandika waraka mmoja wa pamoja ukabandikwa getini, mambo mengi yangeisha.

Mleta mada

Asante sana wa tano, hili la waraka wa pamoja sikulifikiria na naona ndo jibu la PF3.

Sasa nirudi kwa mkuu wa dirishani na ndugu wa Mombasa. Jibu langu kwenye hela ni hili na naomba mlipige kama lina matundu. Sisi Tanzania tayari tuna sehemu moja ambako huduma inatangulia na hela inafuata, na ni huku huku vijijini. Ni m-mama. Mjamzito au kichanga akizidiwa inapigwa 115 bila malipo, mtu wa kituo cha mawasiliano anauliza maswali, anaangalia ambulensi iko wapi, ikikosekana anampigia dereva wa gari la kawaida aliyesajiliwa kwenye mfumo, dereva anampeleka mgonjwa na analipwa kwa simu na mfumo wenyewe. Familia haitoi nauli. Ilianzia Kanda ya Ziwa ikasambazwa nchi nzima kuanzia 2022. Sasa kama tumeweza kumwambia dereva wa teksi saa nane za usiku "beba kwanza, utalipwa" na akakubali kwa sababu anajua kweli atalipwa, kwanini tunashindwa kuiambia hospitali maneno hayo hayo? Dereva anakubali kwa sababu hela inafika.

Kwahiyo nataka mfuko wa dharura unaolipa hospitali kwa yale masaa ya kwanza tu, kupumua, damu, sukari, degedege, mfupa kufungwa, mpaka mgonjwa awe imara. Baada ya hapo bili ya kawaida iendelee, mwenye bima atumie bima, asiye na uwezo aende ustawi wa jamii. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imeshaweka mfuko wa wasio na uwezo, hili ningependa liwe na fungu lake ndani yake lisichanganywe na mengine. Na ajali za barabarani zichangiwe na bima za vyombo vya moto, kwa sababu kila pikipiki inatakiwa kisheria iwe na bima ya kumlipa mtu wa tatu, ila hospitali inayomshona majeruhi usiku mara nyingi haioni hata shilingi yake.

Mchangiaji wa kwanza (dirishani)

Hapo umenijibu kidogo. Ila nikuonye, Afrika Kusini wana mfuko wa ajali unaokatwa kwenye kila lita ya mafuta na bado una madeni makubwa, kwa sababu umebeba fidia na kesi za mawakili. Wako uishie kwenye matibabu ya mwanzo tu kama ulivyosema, usiguse fidia, na ulipe ndani ya mwezi. Ukichelewa miezi sita keshia atarudi mbele, nakuhakikishia, na safari hiyo hatakuwa na kosa.

Mchangiaji wa pili (nesi)

Na kabla ya mfuko kuna kitu hakihitaji bunge. Hamisheni meza. Meza moja, mashine ya presha, kile kifaa cha kidoleni cha kusoma oksijeni, kipima sukari, viwekwe kabla ya dirisha, hata mchana tu kwanza kama usiku watu hawatoshi. Mlinzi afundishwe vitu vichache, asiyepumua vizuri, anayetokwa damu nyingi, asiyeitika, mwenye degedege, mjamzito anayeumwa kichwa kikali, hao awapitishe bila kuuliza. Kituo nilichokuwepo mwanzo mganga mfawidhi aliamua hivyo mwenyewe na hakuomba kibali kwa mtu.

Mleta mada

Dada hilo nalichukua kama lilivyo. Bodi za afya za halmashauri na kamati za vituo zina wajumbe wanaotokana na sisi wananchi, na hoja ya kuhamisha meza inaweza kupelekwa pale kikao kijacho bila kusubiri Dodoma. Kama kuna mjumbe humu naomba aseme wilaya yake, na aseme dirisha la malipo na meza ya kupimia kwao kipi kinatangulia, usiku na mchana. Tukishajua wapi meza iko mbele tuwaulize hao walifanyaje na makusanyo yao yalishuka au hayakushuka, mana hilo ndo swali ambalo mganga mfawidhi mwingine atauliza kwanza.