Nimeuziwa helmeti ya resi isiyo na stika ya usalama ya Snell, nimerudishwa getini na hela hawarudishi

Wakuu salaam. Mods nawaomba msiunganishe huu uzi na zile za helmeti za bodaboda. Ni mambo mawili tofauti, na kuyachanganya ndiko kulikonitia hasara.

Nipo Texas mwaka wa sita sasa. Starehe yangu ni moja: mara mbili tatu kwa mwaka nalipia siku ya kuendesha gari kwenye uwanja wa mbio kule Cresson, nje kidogo ya Fort Worth. Hakuna kombe wala mshindi. Unaenda na gari lako hilohilo la kazini, mwalimu anakaa pembeni, unakimbiza. Langu ni Civic ya 2008, limechoka ila breki ni mpya. Miaka yote nilikuwa nakodi helmeti palepale uwanjani, jasho la nani limeingia humo Mungu ndiye anajua. Mwaka huu nikasema basi, nanunua yangu.

Nikaingia mtandaoni. Kuna duka (jina naliweka kapuni, bado nadaiana nao) limeweka picha ya jamaa kavaa ovaroli nyekundu kaegemea gari la mbio, chini yake helmeti nyeusi inang'aa, dola 89. Maelezo yanasema ni ya resi na imethibitishwa usalama. Mimi si mtoto, nikawaandikia kwanza: uwanjani nitapita nayo? Dakika tano jibu hili hapa: utapita, ina stika ya usalama ya DOT. Nikalipa.

Siku ya siku nimeamka saa kumi alfajiri. Kwenye ukaguzi kuna mzee mmoja na kitochi chake kama kalamu. Matairi, sawa. Betri imekazwa, sawa. Akaipokea helmeti, nje hata hakuangalia. Akaingiza vidole, akafunua bitana upande wa kushoto, akamulika. Akafunua kulia, akamulika. Kisha akaigeuza, akaweka ukucha kwenye stika ya DOT kisogoni, ikabanduka nzima kama ile ya bei kwenye tufaha. Akanirudishia helmeti, stika imemganda kidoleni. Akasema hii ni ya pikipiki, na hata mwenye pikipiki yeye asingemshauri aivae.

Za kukodi saizi yangu zilikuwa zimeisha, maana kichwa nilijaliwa. Dola 310 za kiingilio hazirudi, nilisaini mwenyewe. Nikashinda kwenye uzio nahesabu magari ya wenzangu. Waandaaji siwalaumu hata kidogo.

Usiku wake nikasoma nilichotakiwa kusoma kabla ya kulipa. DOT ni kiwango cha Marekani cha helmeti za pikipiki za barabarani. Kiwanda kinajipima chenyewe na kinajibandikia stika. Serikali haiipitishi kwanza, inakuja kuokota chache sokoni baadaye na kuzipima. Yaani mwanafunzi kajisahihishia mtihani. Snell ni taasisi isiyo ya biashara, ilianzishwa 1957, baada ya dereva Pete Snell kufa kwenye mbio mwaka uliotangulia, helmeti aliyovaa haikumsaidia. Hawa wanakupima wao kabla hujapata stika, halafu wanaenda madukani kununua zilezile wazipime tena. Na stika yao inakaa ndani, chini ya bitana. Ndiyo maana yule mzee hakuhangaika na nje.

Sasa hata Snell ina herufi, na hapo ndipo watu wanapigwa. M ni pikipiki, K ni go-kati, SA ni gari. Helmeti ya M inaweza kuwa nzuri kabisa, lakini haikupimwa moto. Ya SA bitana lazima ihimili moto, na ganda linapigizwa kwenye chuma chenye umbo la bomba la keji (fremu ya chuma inayomzunguka dereva), kwa sababu ndani ya gari kichwa hakikutani na lami, kinakutana na chuma kilicho juu ya sikio lako. Kuanzia toleo la SA2015 zina pia matundu ya skrubu ya kufungia HANS, ile kola ya kushikilia shingo. Wapo waandaaji wanaokubali M, wangu hawamo.

Nikawarudia wauzaji. Jibu: boksi umeshafungua, hairudi. Halafu bila aibu wakaniambia wana nyingine, SA halisi, mpya, dola 240. Nikaomba picha ya stika ya ndani. Walizunguka siku mbili. Ilipokuja: SA2010! Snell wanatoa toleo jipya kila baada ya miaka mitano, tumeshafika SA2025, na waandaaji wengi wanapokea la sasa na moja au mawili ya nyuma yake. Snell wenyewe wanashauri ubadilishe helmeti ikifika miaka mitano, maana gundi na lile povu gumu la ndani vinachoka. Hawa wanauza mzee kwa jina la kijana. Ningelipa, ningeamka tena saa kumi, ningerudi kulekule kwenye uzio.

Na msiniambie usalama ni wa matajiri. SA2020 za chini nimeziona kwa dola 250 hadi 300. Zile za kaboni za elfu na kitu unalipia wepesi, hewa na rangi. Mtihani wa SA waliofanya ni uleule. Mie shingo yangu itabeba hizo gramu.

Wale wawili wa Nairobi mlioniagiza ileile ya dola 89 kwa ajili ya autocross (zile mbio za kuzunguka koni), nisameheni, nimefuta oda.

Benki nimefungua madai, wanasema nisubiri. Helmeti yenyewe mama watoto kaiweka jikoni, ina vitunguu. Mwenye kujua pa kupata SA2020 au SA2025, saizi XXL, isiyozidi dola 300, aweke hapa na picha ya stika ya ndani. Picha ya nje sitaki kuiona.