Hali ya hewa "halisi" iliyochelewa saa mbili na nusu, halafu inabadilika ghafla ukiwa futi 600. Tumechoka!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Jana nimeharibikiwa safari nzima muda mfupi kabla ya kugusa chini, na kosa si langu. Simuleta yenyewe (programu ya kompyuta ya kurusha ndege) siitaji jina, wanaoitumia wataitambua humu humu.

Nilikuwa na Boeing 737-800 naingia Heathrow, London, nikiwa nimeunganishwa na waongoza ndege wa mtandaoni. Wao wanafuata METAR, yaani ripoti rasmi ya hali ya hewa ya uwanja, na METAR ya Heathrow hutoka dakika ya 20 na ya 50 ya kila saa. Ya 14:50 UTC (saa ya kimataifa) ilisema upepo unatoka nyuzi 080, yaani mashariki, kwa noti 14, hivyo sote tukapangiwa kutua njia ya 09L, inayoelekea mashariki. Sawa kabisa. Sasa naangalia upepo niliopewa na simuleta: nyuzi 250, yaani upande wa magharibi, noti 13. Nikaukumbuka papo hapo, kwa sababu nilikuwa nimeuandika wakati napanga safari. Ni wa 12:20! Ndege ipo angani saa mbili na nusu, na simuleta haijavuta hata ripoti moja mpya ya uwanja ninaokwenda.

Kwa hiyo nashuka huku upepo ukinisukuma mgongoni kwa noti 12 hivi, wakati kikomo cha kawaida cha ndege hiyo kutua na upepo wa nyuma ni noti 10. Nikaamua kughairi kutua. Mkono uko kwenye mitambo, futi 600, na hapo ndipo simuleta ilipochagua kuleta upepo mpya. Wote kwa mkupuo mmoja. Mwendo ukaruka kutoka noti 138 hadi 164, flapu (vipande vya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua) zikiwa 40, ambapo mwendo wa mwisho unaoruhusiwa ni noti 162. Kengele ikalia, pua ikanyanyuka, na kabla sijaikamata skrini ikaandika kwamba nimezidisha mwendo na kuvunja ndege. Safari ikafungwa.

Najua atatokea mtu aseme upepo kugeuka ghafla ni jambo la kweli. Ni la kweli, na limeua watu; ajali ya ndege ya Dallas, Marekani, ya 1985 ilisababishwa na hewa iliyoporomoka kutoka kwenye wingu la radi. Lakini pale palikuwa na wingu, mvua na radi mbele ya macho ya rubani. Jana hapakuwa na chochote. Lililogeuza upepo ule ni faili iliyofika kwa kuchelewa, na hilo rubani hawezi kuliona wala kulikwepa.

Na upepo ni nusu tu ya tatizo. Nieleweni kwenye kanieneo ya hewa, maana wengi hawailalamikii kwa kuwa haipigi kelele. Waongoza ndege walinipa 1006, nikaiweka kwenye altimeta (kipimo cha kimo cha ndege), kumbe simuleta ilikuwa bado na 1012. Kila hektopaskali moja karibu na ardhi ni futi 27 hivi, kwa hiyo altimeta yangu ilikuwa inadanganya kwa futi 160. Ukishuka kwa ILS (mawimbi ya redio yanayoongoza ndege hadi njia ya kutua) ya daraja la kwanza, uamuzi wa kutua au kupaa tena unafanyika futi 200. Toa 160 hapo uone umebaki na nini! Jana kosa liliniweka juu kuliko nilivyodhani. Siku kanieneo ikiwa inapanda badala ya kushuka, litakuweka chini.

Sidai kuletewa hewa ya kila dakika. Viwanja vyenyewe hutoa METAR kila saa au nusu saa, na ripoti maalumu, SPECI, katikati mambo yakibadilika sana. Upepo wa futi 35,000 unatokana na modeli za utabiri. GFS, modeli ya Marekani, huendeshwa mara 4 kwa siku, 00, 06, 12 na 18 UTC, na matokeo huchukua saa kadhaa kukamilika. Hayo nayakubali. Nisichokubali ni kuuziwa kitu kinachoitwa hali ya hewa halisi bila kuonyeshwa popote ni halisi ya saa ngapi. Andikeni tu saa ya ripoti kwenye skrini! Ningeiona 12:20 nikiwa bado juu, ningewaambia waongoza ndege mapema, au ningezima hewa hiyo na kuweka ya mkono.

Pia tupeni kitufe cha kuvuta ripoti mpya kabla ya kuanza kushuka, na mabadiliko yaingie taratibu kwa dakika kadhaa. Ndege ikiwa kwenye hatua ya mwisho ya kutua, msiguse upepo kabisa mpaka itue au ipae tena.

Huduma kwa wateja wamenijibu mara moja tu: nifute kashe (data za muda za programu) niwashe upya. Nimefanya mara tatu, hakuna kilichobadilika. Wapo tunaotumia kitu hiki kufanyia mazoezi ya kuruka kwa vyombo, na tunajifunza kwa kuamini namba zilizo mbele yetu.

Aliyepatwa na hili aweke hapa chini uwanja, saa ya METAR kwa UTC, na upepo na kanieneo alivyopewa na simuleta wakati huo huo. Nitaziambatanisha zote kwenye tiketi yangu ya malalamiko, ambayo tangu jibu hilo moja leo ina wiki ya tatu haijaguswa.