Wayahudi na kuepuka mambo yenye shaka, mwisho wake wapi?

mdadisi: Habari zenu wakuu, kwenye Pirkei Avot 1:16 (kitabu cha mafundisho ya marabi, yaani walimu wa dini ya Kiyahudi) mwalimu wa kale Rabban Gamliel anasema jipatie mwalimu na ujitoe kwenye shaka. Sasa ukiepuka kila chenye utata si utaishia kukaa tu? Na kwa nini walikuwa siriazi hivyo na kitu ambacho hujui hata kama umekosea?

mpenda_mishna: Hapo kwa "hujui" ndo penyewe. Soma Walawi 5:17-19. Mfano wa marabi: mezani kuna vipande viwili vya mafuta ya mnyama, kimoja kimekatazwa kimoja ruksa, jamaa kala kimoja halafu baadaye hakumbuki kipi. Enzi za Hekalu huyo alileta sadaka ya kondoo dume wa thamani ya shekeli mbili (fedha ya zamani), wakati aliyejua kabisa kwamba kala cha haramu kwa bahati mbaya sadaka yake ingeweza kuwa ya bei ndogo tu! Rabbenu Yona wa Gerona, karne ya 13, anaeleza kwamba mwenye uhakika anajuta, ila mwenye shaka anajitetea weee, aah labda nilikula kile kizuri, basi toba haiji.

shabaha: Na kuna Bava ben Buta, Mishna (mkusanyo wa kale wa sheria za marabi) inasema alikuwa anatoa sadaka hiyo ya shaka kila siku, isipokuwa siku moja baada ya Yom Kippur (siku ya kufunga na kusamehewa dhambi), na hata hiyo ni kwa sababu walimkatalia 😂 wakamwambia subiri kwanza uingie kwenye shaka

mpenda_mishna: Ila mdadisi usidhani kila shaka ni kukaza, yaani kufuata upande mkali. Shaka kwenye amri ya Torati unakaza, kwenye amri ya marabi unalegeza. Hukumbuki kama ulisema baraka kabla ya kula tunda? Hurudii, usije ukataja Jina la Mungu bure. Ila baraka ya baada ya kushiba mkate unarudia, maana hiyo imetoka kwenye Torati yenyewe.

mdadisi: Sawa, na mgonjwa siku ya Sabato, hujui kama hali yake ni ya hatari?

mpenda_mishna: Hapo shaka tu inatosha kuivunja Sabato, Mishna Yoma 8:6. Tena Talmudi ya Yerusalemu (mijadala ya marabi juu ya Mishna) inasema anayewahi kuokoa anasifiwa, anayekwenda kuuliza kwanza ni mmwaga damu, na rabi aliyeulizwa naye analaumiwa, maana alitakiwa awe ameshawafundisha watu mapema.