Mfiwa anabembelezwa au analiwazwa?

chausiku_k: Wakuu habari za saizi. Grupu letu la ukoo la WhatsApp lina msiba, sasa kijana mmoja kaandika "tuendelee kuwabembeleza wafiwa", wazee wakamjia juu eti mfiwa habembelezwi. Ye anajitetea kwamba mtoto akilia si tunambembeleza, kwani mtu mzima akilia inakuwaje? Mi nimebaki njia panda, nani yuko sahihi?

mzee_wa_pwani: Wazee wako sawa bibie. Kubembeleza kuna kuombaomba ndani yake, unambembeleza mtoto alale, unambembeleza mwenye nyumba akuongezee wiki, mkeo kanuna unambembeleza, yaani kuna kitu unakitaka kwake. Mfiwa unamtaka nini? Huyo analiwazwa, au anafarijiwa, na huku kwetu tunasema tumekwenda kumhani. Ukikaa nae jamvini hata bila kufungua mdomo ushamliwaza.

tulia_tuli: @mzee_wa_pwani usimkaze kijana bana. Mama kafiwa na mwanae anagaragara chini, shangazi anampakata anampigapiga mgongo taratibu "basi mwanangu basi", hiyo utaiitaje kama sio kubembeleza? Ila ni kazi ya mikono hiyo, ya mtu na mtu wake wa karibu, sasa we unambembelezaje mtu kwa meseji tena wafiwa wote kwa mkupuo 😂

nesi_wa_zamu: Mi niongezee kutuliza maana wodini linanisumbua kila siku. Mtu ana malaria, kameza panadol homa ikashuka, basi "sista nshapona" na ile dozi ya mseto anaiacha njiani, wakati vimelea bado viko kwenye damu. Panadol inatuliza, haitibu!! Na neno lenyewe linakwambia, tua, tulia, tuliza, ukitua mzigo haujapotea, upo hapo chini unakusubiri. Ndo maana mfiwa mnaweza kumtuliza asizimie pale kaburini, lakini kumliwaza ni shughuli ya miezi na wengi huwa tunaondoka matanga yakishaanuliwa tu.

msee_254: Huku Kenya mtu akikushow "tuliza boli" jua ushaanza kumkera, hiyo usipeleke matangani kabisa 😅

chausiku_k: Asanteni sana, nesi umenigusa. Kijana kashafuta kaandika "kuwaliwaza", saizi wazee wamehamia kwenye nani anashika pesa ya ubani.