Kwa nini taratibu za dharura za vinu vya nyuklia zina safu mbili?

Swali: Wakuu, taratibu za dharura za vinu vya Westinghouse (kampuni ya Marekani inayobuni vinu vya nyuklia) huandikwa safu mbili. Kwa nini?

Jibu 1: Kushoto ni kitendo na matokeo yanayotarajiwa, kulia ni la kufanya yasipopatikana. Hatua za kwanza: kinu kimezimika? Turbini imesimama? Umeme wa dharura upo? Hatua ikigoma unahamia kulia, kisha unarudi kushoto hatua inayofuata.

Jibu 2: Mkuu, usisahau ajali ya kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Marekani, 28 Machi 1979. Vali ya kupunguza presha ilikwama wazi, lakini taa mezani ilionyesha tu kwamba amri ya kufunga imetumwa. Kina cha maji kwenye tangi la presha kikaonekana juu, waendeshaji wakadhani maji yanatosha, wakapunguza maji ya dharura, na kiini (sehemu yenye fueli ya nyuklia) kikayeyuka kwa sehemu. Maji yalipotea kwenye vali hiyo kwa muda wa zaidi ya saa 2. Ndiyo maana siku hizi taratibu hufuata dalili: linganisha jotoridi na presha, ujue maji yamebakiza nyuzi ngapi kabla ya kuchemka. Huhitaji kwanza kujua kilichoharibika.

Jibu 3: Naongezea: taratibu za kompyuta huonyesha kipimo pembeni mwa hatua. Ni nzuri sana, ila karatasi ibaki mezani, kila hatua ikitiwa alama. Skrini ikizima, utajua uliishia wapi.