Misa ya tarehe 21 Mei

Shangazi Mwanza: Tumsifu Yesu Kristo wanafamilia.

Baba Mkubwa: Milele amina.

Shangazi Mwanza: Ndiyo natoka ofisi ya parokia. Nia ya misa ya alfajiri tarehe 21 nimeshaiandikisha, kwa jina la ubatizo la dada yetu. Mwaka huu inatimia miaka 30 tangu meli ya MV Bukoba izame Ziwa Victoria.

Shangazi Bukoba: Asante mdogo wangu. Ila Mama nimemsomea, amekataa.

Shangazi Mwanza: Amekataa nini tena dada?

Shangazi Bukoba: Anataka waandikwe wote waliokuwemo melini. Anasema, mwanangu hakufa peke yake, mbona aombewe peke yake?

Baba Mkubwa: Waitu, Mama kasema kweli. Mimi ndiye niliyekuja Mwanza kumtafuta. Meli ya abiria 430, walivyojazana humo mnajua wenyewe. Zile siku 3 za maombolezo alizotangaza Rais Mkapa nilizimaliza nikifunua shuka moja baada ya jingine, natafuta kitenge cha njano. Pembeni yangu alikuwepo mzee mmoja wa Kiislamu, anatafuta wajukuu wake wawili. Ikawa yeye anafunua, mimi naangalia, kisha tunabadilishana. Kitenge sikukiona. Ambao hawakutambuliwa wakazikwa Igoma, wengine hawakutoka kabisa mle melini. Dada yangu yuko wapi, sijui mpaka leo.

Mjukuu: Shikamoo Baba Mkubwa. Haya hukuwahi kutusimulia. Pole sana. Lakini asiye Mkatoliki naye anaombewa kwenye misa?

Baba Mdogo Katekista: Anaombewa, mwanangu. Katika Sala ya 4 ya Ekaristi padre huwaombea hata marehemu ambao imani yao Mungu peke yake ndiye aliyeijua.

Shangazi Bukoba: Mama anaomba pia Zaburi ya 130, "Toka vilindini". Huisali kila jioni. Miaka yote nilidhani anawaombea marehemu kwa ujumla, hadi juzi nilipomwona anageuza kwanza kiti chake kielekee ziwani.

Baba Mkubwa: 🙏🏾😢

Shangazi Mwanza: Masomo ya misa yatakuwa ya siku, maana bado tuko kipindi cha Pasaka. Zaburi tutaisali Igoma makaburini, tukishatoka kanisani. Mishumaa nitabeba mimi. Ngoja nirudi ndani, katibu hajafunga.

Shangazi Mwanza: Tayari. Ameongeza "na marehemu wote wa MV Bukoba".

Shangazi Bukoba: Mama ameshukuru sana. Sasa anauliza, wale wajukuu wa yule mzee waliitwa nani?

Baba Mkubwa: Majina yao sikuyauliza. Tuliachana usiku, kila mtu na lake.

Shangazi Bukoba: Anasema waandikwe hivyo hivyo, wajukuu wawili wa yule mzee.

Shangazi Mwanza: Nilikuwa nimeshafika getini. Narudi.